Asubuhi Niliyosema Kabula Amepona

Mama Konsolata amefariki kule Urambo, na mimi nimekaa msibani kwake siku tatu bila kumchekesha mtu hata mmoja. Wanaonijua watasema huo nao ni uongo mwingine wa Maganga. Mimi bwana misibani huwa naitwa kama wanavyoitwa wapishi. Nikikaa kwenye mkeka, watu wanasogea, na wafiwa wanapata dakika mbili tatu za kusahau. Kuna mjane mmoja pale Chemchem nilimchekesha siku ya pili tu ya msiba mpaka akaomba aongezewe ugali, ndugu wa marehemu wakaninunia mwaka mzima. Lakini Urambo nilikaa kimya kama gunia. Asubuhi ya siku ya kuzika, tukiwa chini ya turubai na chai ya rangi na michembe ya viazi vikavu, mtoto wa mwisho wa marehemu, kijana mkubwa mwenye ndevu sasa, akaniambia, "Baba Kabula, tupe basi ile ya Ipole. Mama alikuwa anaipenda." Kabula mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu, mwanaye amelala mapajani, na nikamwona anaanza kutabasamu kabla sijasema neno, maana ile hadithi anaijua kila kona. Nilivyombeba kutoka Ipole kifuani, nikavuka mito saba, fisi akanifuata nikamtemea tumbaku machoni akaomba msamaha. Nikafungua mdomo. Halafu macho yangu yakaenda kwenye mlango wa kile chumba lilimokuwa jeneza, mdomo ukajifunga wenyewe. Nikasema, "Leo sina."

Kwa sababu ile hadithi ina uongo mwingi, na mwingi hauna shida. Mto ulikuwa mmoja, fisi hakuwepo. Lakini kuna uongo mmoja ndani yake ambao sijawahi kuucheka nikiwa peke yangu. Ninavyoisimulia, mimi ndiye ninayeona kwamba mtoto anakufa. Mimi ndiye ninayesema twende. Na ukweli ni kwamba asubuhi ile mimi nilisimama katikati ya uwanja nikatangaza amepona.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na shule nilikuwa nimeiona kwa nje tu, nikipita. Tulilima tumbaku Ipole, mimi na kaka yangu Ngasa, na mvua ya mwaka ule ilinyesha mpaka vyura wakahamia ndani ya nyumba kama wapangaji. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Kimoja tulilala mimi, mke wangu Monika na Kabula, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, aliyekuwa ameanza kutembea kama mlevi wa pombe ya mtama. Chumba cha pili kililala fito za kufungia tumbaku, na zilikuwa na nafasi kubwa kuliko sisi. Kila kitu ndani ya ile nyumba kilinuka tumbaku: godoro, uji, maziwa ya mama. Hatua ishirini kutoka mlangoni ndipo lilisimama bani, ile nyumba ndefu ya udongo ya kukaushia majani, na tanuru lake ubavuni linakula magogo mchana na usiku. Mdomo wa lile tanuru, nakwambia, ungeweza kuivisha maharage yaliyoko Dodoma. Kuchochea ilikuwa kazi yangu. Na kaka Ngasa alikuwa na sheria yake, ambayo wazee wengi wa tumbaku walikuwa nayo: mkono uliowasha moto wa bani ndio uufikishe mwisho. Hakuna kupokezana. Moto unamjua mtu wake, alikuwa akisema. Akibadilishwa katikati, moto unakasirika na majani yanatoka meusi. Kwa hiyo bani likishawashwa, mimi nilikuwa naishi pale mdomoni kama siku sita, nakula pale, nasinzia pale, nakuja nyumbani mara moja moja kumtazama mtoto kisha narudi mbio.

Homa ya Kabula ilianza siku ya pili ya bani. Si kitu cha kushtua. Mtoto gani wa Ipole hakushikwa na homa wakati wa mvua? Monika alimpondea majani ya mwarobaini, akampa na kidonge cha homa alichokipata dukani, kidonge kikarudi pamoja na uji. Siku ya tatu alilia kutwa nzima. Alilia kwa sauti ambayo mimi, kwa kujifurahisha, niliwaambia majirani kwamba treni ya kwenda Mpanda imesimama njiani ikidhani ni honi ya treni nyingine. Watu wakacheka. Monika hakucheka. Nakumbuka alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku, kwa sababu kufunga majani kulikuwa hakusubiri homa ya mtu, anamfungia kaka Ngasa tumbaku huku titi liko mdomoni mwa mtoto, na mtoto analigeuzia uso. "Hataki," akaniambia. Nikasema, "Atataka akishachoka kuringa."

Asubuhi ya siku ya nne, kilio kikakata. Nilikuwa nimetoka kusukuma magogo ndani ya tanuru, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope, nikasikia ule ukimya na nikafurahi. Nikaingia chumbani. Kabula alikuwa kwenye kitanda cha fito, macho nusu wazi, mdomo wazi. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. Baridi. Nikamshika tumbo. Baridi. Nilichanganyikiwa kwa raha. Nikatoka nje nikapiga yowe ambalo hata nyuki wa msituni walilisikia: "Kabula amepona! Amepoa kama mtungi wa maji!" Kaka Ngasa, aliyekuwa anakagua fito, akasema, "Si nilikwambia? Sasa rudi kwenye moto." Monika akainua uso, akanitazama, na nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Akarudi kufunga majani. Mimi nikarudi tanuruni nikiimba. Kama asubuhi ile ingeishia hapo, ningemzika mwanangu nikiwa na wimbo mdomoni.

Haikuishia hapo kwa sababu jua lilipopanda kidogo wakaja vibarua wa kufunga majani, na mmoja wao alikuwa Mama Konsolata. Alikuwa mama wa watu wa asili ya Burundi, wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache kama mtu aliyeyakopa. Kaka Ngasa alikuwa hakosi kumtania. "Mrundi umechelewa, ulikuwa unasali rozari ngapi?" Na yeye humjibu, "Nilikuwa nakuombea wewe, nikaona ni kazi ya mwezi mzima, nikaacha." Asubuhi ile hakujibu utani. Alipita mlangoni kwetu kuchukua fito, akasimama kule ndani, akakawia. Nikasikia anamwita Monika, si kwa kupiga kelele, lakini Monika alitupa majani chini. Nami nikaenda, kwa udaku tu, nikiwa bado na kijiti cha moto mkononi.

Mama Konsolata alikuwa hajamgusa mtoto. Alikuwa amemfunua kigauni tu, anamtazama kifua. Akauliza, "Amekojoa lini?" Mimi nikacheka. Katika mambo yote ya kuuliza! Nikasema, "Mama, huyu hana ratiba." Hakunitazama. Akamuuliza Monika tena, polepole, "Mama Kabula, nepi uliibadilisha lini?" Monika akainama. Akashika kile kitambaa chini ya mtoto, kikavu. Akasema, "Jana. Jana mchana, labda." Mama Konsolata akasema, "Mpe titi tuone." Monika akalitoa, mtoto hakulikataa wala hakulikubali, titi likakaa mdomoni kama limewekwa kwenye mdomo wa mwanasesere. "Mwite." Monika akamwita Kabula, Kabula, mama, Kabula. Macho yalifunguka yakatazama dari. Hayakumfuata mtu. Halafu yule mama akanionyesha kwa kidole, bila kusema, chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta pumzi, ngozi pale ilikuwa inazama ndani, inazama, kama kuna mtu kule ndani anaivuta kwa kamba.

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa bado ya mtu mwenye haki, "Lakini amepoa. Nimemshika mwenyewe."

Akanigeukia sasa. Akanishika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu. Ulikuwa mwekundu, mgumu, unakaribia kufuka moshi. "Baba Kabula," akasema, "mkono huu umetoka kwenye tanuru. Ukishika uji unaochemka utasema umepoa." Akamchukua Monika, akamfuta utomvu kiwiko, akakilaza kile kiwiko kwenye tumbo la mtoto. Monika akatoa sauti ambayo siwezi kuiiga.

Ndipo yakaanza maneno, na haya ndiyo ambayo sikuwahi kumsimulia mtu. Kaka Ngasa alikuja mlangoni akasikia wanasema zahanati. Hakuwa mtu mbaya kaka yangu. Alikuwa anaogopa, na uoga wake ulikuwa na sura ya hasira. Akasema, "Huyo mtoto degedege linamnyemelea. Mnataka apelekwe akachomwe sindano? Mtoto wa degedege akichomwa sindano harudi. Mnajua wote." Na kweli tulijua wote, nilikuwa nimekua nayo hiyo, kama nilivyokua na jina langu. Akasema tumngoje mzee wa dawa, anakuja jioni. Akanigeukia mimi, "Na wewe ukitoka, bani ndiyo kwaheri. Siku ya nne, Maganga! Siku ya nne!" Halafu kwa Mama Konsolata, "Wewe umekuja kufunga tumbaku au umekuja kuwa daktari?" Yule mama akamjibu, "Nimekuja kufunga. Lakini jioni hii mtoto hatakuwepo, na mimi juu ya maiti sifungi." Akasema hivyohivyo, kama mtu anayesema mvua inakuja.

Wote wakanitazama mimi. Ninaposimulia, hapa ndipo ninaporuka juu na kusema twende! Sikuruka. Nilisema, "Tungoje kidogo." Nilisema, "Tungoje mpaka jioni, tuone." Nayasikia hayo maneno mpaka leo kwa sauti yangu ileile ya ujana. Na Monika, mke wangu ambaye tangu nimuoe alikuwa hajawahi kunipinga hata kwenye chumvi, hakunijibu kabisa. Alikuwa tayari amesimama, anajifunga kanga ya kumweka mtoto mgongoni. Mama Konsolata akamzuia: "Si mgongoni. Mbele. Umwone kifua njia nzima." Wakatoka. Wanawake wawili wakatoka mlangoni, wakanipita pembeni kama wanavyopita nguzo. Walikuwa wamefika kwenye shamba la jirani ndipo miguu yangu ikaelewa. Nikachukua baiskeli ya kaka bila kuomba. Nyuma yangu nilimsikia anaita jina langu, halafu anaita jina la Mungu, halafu nikasikia mlango wa tanuru unafunguliwa. Alikuwa anachochea mwenyewe, yeye aliyesema hakuna kupokezana.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja na benchi nje. Nesi alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu, lakini macho yake yalikuwa ya mtu mzima. Akamlaza Kabula mezani akauliza, "Ametapika?" Nikadakia, maana ndivyo nilivyo, "Dada, ametapika mara mia!" Akaacha alichokuwa anafanya. "Mia?" Nikasema, "Hata zaidi." Akasema, bila ukali, "Baba, nikiamini mia nitampa dawa ya mtoto mwingine. Nataka ya huyu." Monika akasema, "Mara tano tangu jana asubuhi. Kila anachokunywa kinarudi. Homa siku tatu. Kulia ameacha leo alfajiri." Nesi akaitikia kila moja kwa kichwa, kama mtu anayepokea matofali. Halafu akasema nyamazeni wote, akaweka saa yake karibu na kifua cha mtoto, akahesabu pumzi. Dakika moja. Mimi nimewahi kusimulia safari za mwaka mzima kwa muda mfupi kuliko dakika ile. Nilitazama zile mbavu zinavyozama na nikajua kwamba zilikuwa zinazama vilevile wakati mimi naimba.

Alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano ndipo degedege likaja. Mwili mdogo ukakakamaa, macho yakageuka meupe, mkono mmoja ukaanza kurukaruka wenyewe. Na mimi, sifichi, nilimshika nesi mkono. Nikamwambia, "Usimchome! Utamuua!" Nesi alimgeuza mtoto ubavu, akamfuta mate, akampitishia dawa ya degedege kwa nyuma, akamwekea sukari chini ya ulimi, yote hayo huku mimi nimemng'ang'ania kiwiko kama ruba. Degedege likalegea. Akasema, "Baba, niachie. Degedege haliletwi na sindano. Limeletwa na malaria, na dawa ya malaria ndiyo hii." Sikuachia. Ndipo Mama Konsolata akaja, akanitoa vidole, kimoja, kimoja. Akasema kwa sauti ya chini, mimi na Monika tu tukasikia, "Mimi nilikataa sindano. Ulyankulu. Wangu aliitwa Emanueli." Akaushika mguu wa Kabula kwa mikono yake miwili, akamwambia nesi, "Choma, mwanangu."

Lori la magogo lilitupeleka hospitali ya wilaya, nesi ametuandikia karatasi ambayo Monika aliishika kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Hapa sitii chumvi. Alipewa dripu, alipewa damu, na damu ilikuwa yangu, hiyo ni kweli. Tulikaa kwenye ile wodi na harufu ya dawa na uji wa watu wengine. Nakumbuka mama wa kitanda cha jirani akimwambia mwenzake, akidhani nimelala, "Hawa wa tumbaku wanaleta watoto wakishakauka kama majani yao." Sikukasirika. Siku ya pili mchana nikiwa nimempakata, nikahisi joto linanienea mapajani. Kabula alikuwa amenikojolea. Nikapiga yowe la pili la mwaka ule, manesi watatu wakaja mbio, na Monika akacheka na kulia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya nne akanitazama usoni.

Alipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito. Daktari alisema huenda ni lile degedege, huenda ni masaa yaliyopotea. Hakusema yalipotelea wapi na mimi sikumuuliza. Tuliporudi Ipole bani lilikuwa limetoa majani mengine mazuri, mengine meusi, kama mabani yote. Kaka Ngasa alikuwa na malengelenge viganjani. Alimtazama Kabula, akasema, "Shemeji, karibuni," akaenda zake kuchota maji, na hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Mama Konsolata alifunga tumbaku mpaka msimu ukaisha, kisha yeye na wanawe wakahamia Urambo. Na mimi nikaanza kusimulia. Mwanzoni nilisimulia ili Monika acheke. Halafu fisi akaingia, mito ikaongezeka, na yule mama akapungua, akapungua, mpaka akabaki mtu aliyetushikia mlango. Alikuwa akinisikia mwenyewe nikiisimulia, kwenye ndoa ya Kabula alikuwepo, akacheka na wengine, hakunisahihisha.

Basi asubuhi ile ya maziko, nilipokuwa nimesema leo sina, nilimwambia Kabula tutoke kidogo. Tukakaa nyuma ya jiko la msiba, kwenye magogo, yeye na mwanaye. Nikamwambia kama ninavyowaambia nyinyi hapa, hata fupi zaidi. Nilimwambia nilisema umepona. Nilimwambia nilisema tungoje jioni. Nilimwambia nilimzuia nesi.

Mwanaye akaamka, akamnyonyesha. Halafu akauliza, "Ukasema jioni?"

"Nilisema jioni."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yako. Baba yako mkubwa, naye ameshakufa. Na huyu tunayemzika."

"Mbona Mama Konsolata hakuniambia?"

"Sijui, mwanangu. Na mimi nilitaka kumuuliza."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliinuka, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda huku akiuvuta ule mguu, akanipita pembeni.

Makaburini katekista alisoma, tukaimba, jeneza likashuka. Kisha akasema watoto wa marehemu wasogee waweke udongo. Wakasogea watatu, binti yake Konsolata na wadogo zake wawili. Katekista akataka kuendelea. Ndipo nikaona watu wanapisha njia katikati, na Kabula anapita, taratibu, mguu unachora mstari kwenye vumbi. Katekista akamtafuta kwenye karatasi yake, hakumwona humo. Akamuuliza, "Na wewe dada ni nani kwa marehemu?"

"Mtoto," akasema Kabula.

Konsolata akamtazama, akasogea akampa nafasi. Wakainama wote wanne.